Memba wa Chumba cha Kufulia

Monowara alikuwa anachomoa mashuka kwenye mashine ya kufulia, Alhamisi moja baada ya alasiri, pale mwanamke wa kwanza alipotokea. Alitoka nyuma ya mashine, penye bomba la maji machafu na ufagio, akanyoosha mgongo, akakung'uta sari yake na kusema kwamba amekuja kwa ajili ya pampu. Tope la shamba la mpunga lilimfika juu ya vifundo vya miguu. Monowara alimtambua kuwa mke wa fundi cherehani, jirani yao wa upande wa msikitini huko Bangladesh. Akamwambia asikanyage mashuka.

"Pampu ipi?"

"Ile nyekundu. Wameipaka kijani."

Kijijini kwao, pampu ya kisima chenye sumu hupakwa rangi nyekundu, na yenye maji salama hupakwa kijani. Mdogo wake mwenyekiti wa baraza alikuwa amejenga nyumba mbele ya pampu nyekundu na hakupenda kuiona kila atokapo mlangoni, basi akaleta mtu na brashi. Monowara alisikiliza hali shuka la maji limemning'inia mkononi. Aliposikia yote alisema pampu irudishwe nyekundu. Mke wa fundi akashukuru, akarudi nyuma ya mashine, akawa hayupo. Pampu ilibaki kijani na watu wakaendelea kuchota.

Hivyo ndivyo ilivyojulikana katika nyumba ile ya Ghubra, huko Uarabuni alikofanya kazi za ndani, kwamba ule uchaguzi ulikuwa wa kweli. Miezi michache nyuma Monowara alikuwa jikoni akikaanga sambusa mumewe, Kuddus, alipompigia simu kumwambia kwamba amechaguliwa. "Kuwa nani?" aliuliza. Kuwa memba, Kuddus akamweleza, memba wa baraza la vijiji, kiti cha wanawake. Sheria ya kwao imetenga viti kwa wanawake, na inataka kila kiti kiwe na mwanamke mwenyewe kwa jina lake. Kama lazima awepo, hilo Kuddus hakuona pa kulisoma. Alichukua picha ya mkewe aliyopigwa kwa ajili ya viza, akaichapisha kwenye karatasi za kampeni ikiwa ndogo kama stempu, na pembeni akaweka ya kwake, kubwa, amevaa miwani. Alama ya kura aliyomchagulia ilikuwa kipaza sauti.

Kiti alikikalia Kuddus. Muhuri alikuwa nao Kuddus, na salamu za njiani, na soda ya bure kwenye vibanda vya chai, na jina la Memba Saheb. Zilibaki shida tu. Lakini shida zina adabu kuliko watu, hazikubali kupokelewa na asiyechaguliwa. Zikamtafuta mwenyewe mpaka zikamwona.

Nyumba ilikuwa ya Marhoon, ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Aliishi humo na mama yake, Bi Rahila, na mkewe, Muhsina, aliyekuwa na cheo katika ofisi moja ya Al Khuwair inayoshughulikia maendeleo ya wanawake. Wote walimwita Monowara Muna, kwa kuwa ni jepesi. Kiswahili alifundishwa na Bi Rahila jikoni, miaka tisa mfululizo, na kwa sababu hiyo alizungumza Kiunguja cha kizee ambacho Marhoon mwenyewe alikuwa amekisahau nusu.

Wanawake walipozidi kuja kila Alhamisi, kila mtu wa nyumba alilipokea jambo hilo kwa tabia yake. Marhoon aliuliza kama wanapitia getini. Alipoambiwa hawapiti, akasema basi hilo si la polisi, akaenda zake kuoga. Muhsina alitaka waoshe miguu kwenye bomba la uani, maana vigae ni vipya. Bi Rahila akateleka kahawa.

"Mtu hakai kwangu na kinywa kikavu," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Bi Rahila alikuwa na sheria zake za kahawa, na katika nyumba ile zilikuwa na nguvu kuliko za nchi. Mgeni hukaribishwa, huwekewa halua, humiminiwa finjani. Haulizwi jina wala haja mpaka amalize kunywa, kwani kumuuliza ni kama kumwambia aseme haraka aondoke. Aliyetosheka huitikisa finjani kidogo kabla ya kuirudisha. Asiyeitikisa humiminiwa tena. Wanawake wa mpunga hawakuyajua haya, na Alhamisi za mwanzo walikunywa mpaka mikono ikawatetemeka, na mmoja akatapika kwenye mishubiri ya uani. Monowara akawafundisha kutikisa. Wageni wapya wakawa wanafundishwa na wa zamani wakiwa kwenye foleni, na mambo yakaenda.

Magharibi wote walikuwa wanaondoka. Mwadhini wa mtaani alipofungua kinywa, uani hapakuwa tena na mtu, shida zimesikilizwa hazikusikilizwa. Ila mara moja tu alikuja bi kizee ambaye mwanawe alikuwa akimpiga, naye Monowara, kwa huruma tu, akamwambia, "Lala hapa leo." Adhana ikampita yule kizee bila kumwondoa, kama inavyompita kila mtu wa nyumba. Alikaa mpaka Jumamosi akiwasaidia kuchambua mchele, kisha akaaga mwenyewe kwa kuwa alikuwa na kuku. Ndipo Monowara alipojua kwamba neno lake la umemba lina nguvu, kuanzia mlango wa chumba cha kufulia mpaka ukuta wa uani. Nje ya hapo lilikuwa neno la mfanyakazi wa ndani.

Habari ya Shiuli ililetwa na mke wa fundi. Shiuli alikuwa bintiye Monowara. Alimwacha hajang'oka meno ya utoto, na sasa ana miaka kumi na minne.

"Kuddus anamwoza," mke wa fundi alisema, akiwa ameshika finjani. "Kwa mdogo wake mwenyekiti. Ijumaa ya wiki ijayo."

"Yule wa pampu?"

"Huyo huyo. Mkewe wa kwanza si alikufa. Baraza limetoa cheti kwamba mtoto ana miaka kumi na tisa. Kimetiwa saini na memba wa wanawake." Akaitikisa finjani. "Yaani wewe."

Hakulisema kwa lawama. Monowara aliutazama mkono wake wa kulia, ambao wakati huo ulikuwa unamenya vitunguu thomu.

Usiku ule alimpigia Kuddus. Kuddus hakukasirika. Alimweleza kwa upole kwamba mwenyekiti akishakuwa mkwe, mwakani kitapatikana kiti kikubwa zaidi, na huenda kwa jina lake yeye Kuddus mwenyewe. Monowara akasema haafiki. "Umeshaafiki," Kuddus akamjibu. "Umesaini. Memba anaweza kujipinga mwenyewe? Watu watatucheka."

Asubuhi alimfuata Muhsina mezani.

"Bi Muhsina, nnaomba paspoti yangu. Nnataka kwenda kwetu, siku chache tu."

"Muna, sasa hivi? Alhamisi nna hafla hapa nyumbani, wallahi huoni nnavyohangaika?"

"Mwanangu anaozwa."

"Mashallah! Mabruk."

"Hajafika umri, Bi Muhsina. Ana miaka kumi na minne."

Muhsina akaweka kikombe chini. Alisikitika kweli, na hakuna sababu ya kumsingizia. Kazini kwake mambo hayo alikuwa akiyaandikia ripoti, na aliyachukia. Aliinuka, akamshika Monowara mabega, machozi yamemlengalenga. "Baada ya hafla," alisema. "Ahadi yangu hiyo. Nitakukatia tiketi mwenyewe, yaani Jumamosi tu unaruka. Lakini Alhamisi usiniache, nnakuomba."

Ndoa ilikuwa Ijumaa. Monowara alilisema hilo, na Muhsina akamwambia kwamba hizi ndoa za kwao huahirishwa kila mara, inshallah na hii itaahirishwa.

Basi likabaki lile neno lake la umemba. Monowara alimwagiza mke wa fundi kwa simu amlete Shiuli nyuma ya mashine Alhamisi, siku moja kabla ya ndoa. Kutoroka mtoto asingeweza, kwa mto ule unaozunguka kijiji na baba yule, lakini kufika kwa memba wake ni haki ya kila raia. Akishatokea uani, mama yake atamwambia neno moja tu, kaa, na adhana itampita. Baadaye yatajulikana ya baadaye. Atalala chini ya kitanda cha mama yake, atajifunza Kiswahili cha Bi Rahila, atakula. Monowara alinunua mswaki mdogo wa waridi dukani na kuuficha kwenye kopo la mchele wa pilau.

Bi Rahila alimwambia waziwazi.

"Bibi, Alhamisi mwanangu anakuja. Akifika uniite, tafadhali, hata nikiwa kwa wageni."

"Taibu, mwanangu, nitakuita. Nami nitamjuaje?"

"Jina lake Shiuli."

"Basi ntamuuliza jina."

Monowara akaridhika. Alikaa nyumba ile miaka yote hiyo, aliosha zile finjani kwa mikono yake, na hakujiuliza ni wakati gani Bi Rahila huuliza mtu jina.

Alhamisi ikafika. Chumba cha mbele kilijaa mabibi wenye vyeo, mabuibui yao yamefukizwa udi, na Muhsina alisimama mbele yao kuzungumza juu ya mwanamke na uongozi, mafunzo kutoka Asia ya Kusini. Alizungumza vizuri. Alisema kuna nchi kule zilizowahi kutawaliwa na wanawake wakati wengine bado wanabishana kama mwanamke aendeshe gari. Alikiri kwamba wengi wao walirithi viti vya baba na waume zao, lakini kiti ni kiti, akasema, na ukishakikalia ni chako. Akafika kwenye viti vya vijijini, vilivyotengwa kisheria, maelfu kwa maelfu. Monowara alikuwa anapitisha vitumbua. Kila akimaliza safu moja aliutazama mlango wa jikoni, na Bi Rahila hakutokea.

"Na kwa nini niwape mifano ya mbali?" Muhsina alisema. Akamfuata Monowara, akaichukua sinia mikononi mwake, akampa mwingine aishike. "Huyu Muna wetu mnamwona hapa na vitumbua. Muna ni memba wa baraza. Kachaguliwa na watu. Wananchi wake wanakuja hapa hapa, kwenye chumba changu cha kufulia, na mimi nnawafungulia bomba."

Mabibi wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza wananchi wanafikaje. Waliuliza mambo ya maana.

"Na mume wako anakuunga mkono?" aliuliza bibi mmoja mwenye miwani ya dhahabu.

"Ananisaidia sana," Monowara alisema. "Yeye ndiye anayekaa."

Vicheko na makofi tena. "Mashallah, mume muelewa," wakaambizana. "Wa kwetu hata kumshika mtoto hawawezi."

"Bi Muhsina, nna mgeni nyuma."

"Mama yupo nao, usijali."

Wakapiga picha. Wakapiga nyingine, kwa kuwa katika ile ya kwanza aproni ilionekana, au haikuonekana vya kutosha, hawakukubaliana. Muhsina alikuwa amemshika mkono kwa mapenzi, vidole vimeingiana, wala hakujua kwamba anambana. Monowara angeweza kuuchomoa. Aliliwaza hilo waziwazi, na aliwaza pia paspoti iliyo katika droo ya mwanamke yule, na tiketi ya Jumamosi, na kwamba Bi Rahila hajamwita, kwa hiyo mtoto bado hajafika. Bibi wa miwani ya dhahabu akaweka simu mbele yake, akamwomba aseme neno kwa mabinti wa leo.

"Naomba niende nyuma," Monowara alisema kwenye simu.

"Unyenyekevu huu," bibi yule akawageukia wenzake. "Mnauona? Huu ndio uongozi."

Shiuli alikuwa ameshafika zamani. Alikuja peke yake, kwani mke wa fundi alibaki kule kuwadanganya watu kwamba bi harusi yumo bwawani anaoga. Ilikuwa siku yao ya kumpaka manjano. Alitoka nyuma ya mashine amevaa sari ya manjano, na manjano mabichi mashavuni na mikononi, na Bi Rahila alipomwona alifurahi sana, kwa kuwa na kwao Unguja mwari husingwa vivyo hivyo. Bi harusi kumjia mtu nyumbani ni baraka. Alimpa mto wake mwenyewe wa kukalia, wenye darizi, akamkatia halua ya zafarani, akammiminia.

Msichana akanywa. Akasema kitu kwa lugha yao, akiangalia mlango wa jikoni. Bi Rahila akampapasa mkono na kummiminia. Akanywa tena. Wanawake wengine siku ile hawakuja, wote wamo kwenye harusi, hapakuwa na wa kumwambia atikise. Wala hakuwa mtoto wa kukataa kitu anachopewa na mtu mzima. Finjani ikajazwa, ikanywewa, ikajazwa. Jua likaondoka kwenye mishubiri, likapanda ukutani. Bi Rahila alikaa naye bega kwa bega, ameridhika, anamngojea kwa subira amalize ili amuulize jina.

Mbele, mmoja wa mabibi aliangalia saa, akasema magharibi inaingia, na Muhsina akauachia ule mkono. Monowara hakukimbia mpaka alipofika ukumbini, ila hapo alikimbia, kandambili moja ikabaki njiani. Kwenye dirisha la jikoni aliona manjano. Aliona shingo nyembamba, na sikio, na mkono umeshika finjani kwa vidole vitatu kama anavyoshika yeye. Mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti. Monowara akausukuma mlango wa uani na kusema, "Kaa."

Alilisema kwa sauti kubwa, na lilikuwa na nguvu zake zote. Adhana ilikuwa imelitangulia kwa pumzi moja. Kwenye mto palikuwa na doa la manjano.

"Umekuja?" Bi Rahila alisema. "Nlikuwa namngoja atosheke nimuulize jina." Kisha akamtazama usoni. "Ndo yeye?"

"Ndo yeye, Bibi."

"Mtoto ana adabu, huyo. Kanywa zote, hakukataa hata moja."

Monowara akakaa chini kwenye vigae. Aliumia mpaka hakuweza kulia. Bi Rahila naye akashuka chini, kwa tabu, magoti yakimlia, akamkumbatia kichwa na kulia kwa niaba yake. "Maji yakishamwagika hayazoleki, mwanangu," alimwambia. Walikaa hivyo mpaka Muhsina alipoita kwamba vyombo vya wageni vimebaki, na Monowara akainuka akavikosha.

Ijumaa watu wakaozana. Kuddus alituma video. Jumamosi asubuhi Muhsina, ambaye ahadi kwake ni deni, aliileta paspoti akaiweka juu ya meza ya jikoni.

"Haya, Muna. Leo nakukatia tiketi."

"Harusi imeshapita, Bi Muhsina."

"Kumbe haikuahirishwa?" Muhsina akasikitika kwa mara ya pili, tena kwa dhati. Akamwuliza, kwa sauti ya chini, kama bado kuna haja ya safari. Monowara akatafuta taulo afute mikono yake ya mafuta. Muhsina akangoja kidogo, kisha akaichukua paspoti na kuirudisha kwenye droo, isije ikaingia mafuta.

Picha ya hafla ilitundikwa ofisini Al Khuwair, karibu na lifti. Huko kijijini nayo ilifika, Kuddus akaikuza na kuibandika kwenye ukuta wa baraza, na tangu hapo foleni ya Alhamisi ikawa ndefu mpaka Marhoon akafunga turubai uani wasiunguzwe na jua. Monowara alisikiliza kila mmoja. Kila akimsikiliza, alikuwa anatazama nyuma yake, kisha nyuma ya aliye nyuma yake.

Mke wa fundi alimwacha atazame Alhamisi kadhaa. Mwishowe akamwambia.

"Usimtafute huku. Kaolewa ng'ambo ya mfereji. Kule si kata yako. Memba wao wa wanawake ni Jorina, yuko kwenye nyumba moja Kuwait."

"Watu wa Jorina wanatokea wapi?"

"Kwenye stoo ya chakula. Lakini bibi wa kule anaifunga kwa nje. Anasema Jorina anamwibia sukari. Basi wanafika, wanakaa humo gizani, magharibi wanarudi."

"Na Shiuli anakwenda?"

"Kila Alhamisi. Anagonga."

Monowara aliikunja taulo aliyokuwa nayo, akaikunja tena.

"Jorina anamsikia?"

"Anamsikia. Anasema hana ufunguo."

Nyuma yao, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesimama muda mrefu, na mtoto alianza kulia. Monowara akaiweka taulo juu ya zile nyingine na kuuliza nani anafuata.